Jina Limeshatangazwa

Mtu akikuambia anakwenda Mbingu, sikiliza neno linavyoishia. Akisema "Mbingu" akanyamaza, anakwenda kijijini, kwenye barabara inayotoka Ifakara kuelekea Mlimba, katika bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, ambako mpunga unaanzia nyuma ya nyumba na kuendelea hadi macho yachoke. Akisema "mbinguni", hiyo ni safari nyingine kabisa. Majina ya miji na vijiji vyetu kwa kawaida hayapokei ile -ni ya mwishoni: hatusemi Ifakarani wala Dodomani. Jina moja lina wenyewe wawili, na silabi moja inatosha kuwatenganisha. Hakuna mtoto wa Mbingu anayehitaji kufundishwa hilo.

Nimeanza hapo kwa sababu niliyekwenda kumtembelea Mbingu ni mtu ambaye kazi yake, kwa sehemu kubwa, ni kutenganisha majina. Ni dada aliyezaliwa hapo hapo, anayeandika programu za kusafisha na kuchambua data za kaya: nani anaishi nyumba gani, nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Hapendi kutajwa jina. Nitamwita Dada, kama nilivyomwita siku zote.

Nilifika wakati wa mavuno. Mpunga ulikuwa umeanikwa uani juu ya turubai la bluu, mtoto wa miaka sita hivi kapewa fimbo na kazi ya kufukuza kuku, na meza ya chakula ilikuwa imetolewa barazani ili Dada apate mwanga na upepo. Juu ya meza palikuwa na kompyuta mpakato, waya wa chaji uliopitishwa dirishani, kikombe cha chai iliyopoa, na kaunta buku nene la jalada gumu, kona zake zimeshakuwa duara kwa kushikwa.

"Shikamoo mama," nikamwamkia mama yake.

"Marahaba mwanangu, karibu. Kaa hapo. Ukimsemesha sasa hatakusikia."

Nikakaa, nikatazama. Alikuwa akitumia Stata, programu ya takwimu iliyotoka mwaka 1985 na ambayo watafiti wa afya ya jamii wameizoea duniani kote. Amri ya kuzalisha kigeu kipya humo ni generate, na wengi huikata ikawa gen. Dada akaandika gen umri, alama ya sawasawa, kisha hesabu ya kutoa tarehe moja kwenye nyingine. Akabonyeza. Yakatokea maandishi mekundu: kigeu umri kimeshatangazwa. Chini yake, r(110).

Nilijua ambacho ningefanya mimi. Ningeandika drop umri, cha zamani kikaondoka, nikarudia amri yangu, ikapita. Kazi ya sekunde nne. Dada alitoa mikono yote miwili kwenye kibodi, akaiweka mapajani, akayasoma yale maandishi mekundu taratibu, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Kisha akafungua kaunta buku.

Kila ukurasa una safu nne zilizopigwa kwa rula: jina, mstari lilipozaliwa, linabeba nini, limeguswa wapi tena. Hakuna anayemlipa kwa kaunta buku hilo. Kompyuta yenyewe ingeweza kumwonyesha sehemu kubwa ya habari hizo. Niliwahi kumwuliza kwa nini anahangaika kuandika kwa mkono, akaniambia kwamba mkono unapoandika jina, moyo unapata muda wa kujiuliza kama jina hilo linatosha.

Kidole chake kikashuka hadi kwenye herufi U. Umri, mstari wa 64: umri wa mtu siku ya ziara, kwa miaka iliyotimia. Akarudi kwenye skrini, mstari wa 431, alipokuwa ametaka kuzalisha umri mwingine: umri wa mtoto siku alipofariki, kwa miezi. Vitu viwili. Katika kichwa cha mwenye haraka, vyote viwili ni umri tu. Kama angefuta cha kwanza, kila mstari wa chini unaosema "umri chini ya 5" ungeacha kuhesabu watoto wa chini ya miaka mitano na kuanza kuhesabu miezi mitano, na programu ingekwenda hadi mwisho bila kunung'unika.

"Unaona kaka," akasema, na ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameniona muda wote. "Haikunigomea. Imeniuliza ni yupi."

Kwa msomaji asiyeandika programu, kigeu ni jina ambalo mwandishi analibebesha thamani ili aitumie baadaye. Kulitangaza ni kuiambia kompyuta kwamba kuanzia sasa jina hili lipo. Na kila jina lina eneo lake, yaani mahali linaposikika: faili zima, au sehemu moja ya faili, au mistari michache iliyofungwa ndani ya mabano. Kutangaza upya katika eneo lile lile ni kusema "jina hili linazaliwa" wakati mwenye jina hilo yumo ndani ya nyumba, hai, na kuna watu wanaomtegemea.

Jambo hili nyumbani tunalijua vizuri kuliko vitabu vya kompyuta vinavyolieleza. Wajina wawili wakiishi vijiji viwili, hakuna la kufanya. Wakiishi mtaa mmoja tunaongeza kitu: Hamisi fundi, Hamisi wa mashineni. Lakini wakiwa chini ya paa moja, lazima pafanyike jambo, na mama zetu walilifanya kabla ya kompyuta kuwapo. Mwanamke aliyempa mwanawe jina la baba yake mzazi mara nyingi hamwiti mtoto kwa jina hilo. Anamwita "baba". Mtoto wa miaka mitatu anaambiwa "baba njoo unawe mikono", na hakuna anayecheka, maana kila mtu nyumbani anajua hesabu iliyo nyuma ya neno. Babu hakunyang'anywa jina lake. Mjukuu kalipewa, na kapewa pia njia yake ya kuitwa.

Lugha za kompyuta hazikubaliani juu ya adabu hii. Java ni kali: ndani ya kazi moja, yaani kipande cha programu kinachoitwa kwa jina lake, ukitangaza jina ambalo tayari limo, haikuruhusu kuendelea. C, iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo hukataa ndani ya mabano, lakini ina jambo moja ninalolipenda. Nje ya kazi zote, kwenye ngazi ya faili, inakubali uandike int mbu, mara mbili au hata tatu, ilimradi thamani usiitoe zaidi ya mara moja. Matangazo yote inayahesabu kuwa ya kitu kimoja. Ni kama msiba unaotangazwa msikitini, kisha ukatangazwa sokoni: msiba ni ule ule mmoja. Go, ya mwaka 2009, ina alama yake ya kutangaza kwa mkato, nukta mbili na sawasawa, nayo inakuruhusu kurudia jina la zamani ikiwa tu upande wa kushoto kuna angalau jina moja jipya. Ni ruhusa yenye sharti. Wanaoanza inawasumbua, wazoefu inawasaidia.

JavaScript inastahili kuzungumziwa kidogo zaidi, kwa sababu iko ndani ya kila simu janja. Brendan Eich aliitengeneza mwaka 1995, akiwa Netscape, kwa takribani siku kumi. Humo unatangaza kwa neno var, na var haijali umeshatangaza mara ngapi. Andika var mbu = 12, kisha mistari mia mbili chini yake, ukiwa umesahau, andika var mbu tena. Kimya. Na mbu bado ni 12, maana tangazo la pili lisilo na thamani halifuti kitu. Lakini kama la pili umelimalizia kwa = 0, wale 12 wamekwenda, na hakuna aliyekuambia. Kurasa za intaneti ziliishi hivyo kwa miaka 20. Mwaka 2015 ndipo likaja rasmi neno let, na let ina tabia nyingine. Ukilitumia mara mbili kwa jina moja katika eneo moja, lugha inakataa faili zima kabla mstari wa kwanza haujatekelezwa. Hapo ndipo ninapoiheshimu. Kanisani matangazo ya ndoa husomwa wiki kadhaa kabla ya harusi, ili mwenye kipingamizi asikilizwe watu wakiwa bado hawajavaa nguo za harusi. Kipingamizi kinachokuja baada ya harusi kina maumivu mengine.

Kisha kuna Rust, na hapa mimi na Dada hatukuelewana kwa siku nzima.

Rust ilitoa toleo lake la 1.0 mwezi Mei 2015, na katika mambo mengi ni lugha ya wasiwasi kuliko zote nilizozitaja. Juu ya kumbukumbu ya kompyuta haikuachii nafasi kubwa ya kukosea. Lakini juu ya majina inaruhusu kile ambacho Java inakikataa: andika let umri, na mstari unaofuata, katika eneo lile lile, andika tena let umri. Inapita. Walioiunda hawakupitiwa na usingizi. Wanasema hivi: fomu imekuletea umri ukiwa maneno, "37" ndani ya alama za nukuu, herufi mbili tu zisizoweza kujumlishwa. Wewe unaugeuza kuwa namba. Baada ya hapo yale maneno huyahitaji tena, na afadhali usiweze hata kuyagusa. Basi namba ichukue jina, maneno yafunikwe. Cha kwanza hakikubadilishwa. Kimewekwa nyuma ya cha pili, na lazima uandike let tena kwa mkono wako, ili anayesoma aone kwamba hapa jina limezaliwa upya.

Nilipomweleza hayo, nikiwa nimevutiwa, Dada alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha mkono kuelekea uani.

"Kile ni nini?"

"Mpunga."

"Na ndani ya gunia pale mlangoni?"

"Mchele."

"Na saa nane tulikula nini?"

Wali. Nilikaa kimya. Kitu ni kile kile, kimetoka shamba lile lile, na sisi tumekipa majina matatu kwa sababu katika kila hatua kina kazi nyingine na kinaharibika kwa njia nyingine. Mpunga unaogopa mvua ukiwa umeanikwa. Mchele unaogopa fukusi. Wali unaogopa kesho yake. Hata kinachobaki mashineni kina majina: pumba, chenga. Hakuna mtu wa Kilombero atakayekuuzia mpunga ukaenda nao moja kwa moja jikoni ukidhani umenunua mchele, maana jina limeshakuambia hatua gani haijafanyika. Dada anataka programu yake iwe hivyo: umri_maneno, umri_namba, umri_uliokaguliwa. Kwa macho ya mwandishi wa Rust ni majina marefu yasiyo ya lazima. Kwa macho ya mtu aliyekulia kwenye mpunga, ni desturi ya kawaida.

Mimi bado naona Rust ina hoja. Lakini nimegundua kwamba Rust na Dada, wakitofautiana hivyo, wanakataa kitu kimoja kwa pamoja: jina kubadilisha mwenyewe bila mtu kutamka. Kwa sababu ya kukataa huko naiona Stata kuwa na busara ambayo haisifiwi vya kutosha. Imetenga vitenzi viwili. Generate huzalisha, na jina likiwa lipo inakataa kwa ile 110. Replace hubadilisha, na jina likiwa halipo nayo inakataa, kwa 111. Huwezi kubadilisha ambacho hakijazaliwa, huwezi kuzaa ambacho kipo. Na kila replace inapomaliza, inakuambia imebadilisha rekodi ngapi. Mwandishi analazimishwa kujua, kila mstari, kama yuko kwenye uzazi au kwenye mabadiliko.

R haina lazima hiyo. R, iliyoanzishwa Auckland na Ross Ihaka na Robert Gentleman na kufikia toleo la 1.0.0 tarehe 29 Februari 2000, ni lugha nzuri, na kila siku naitumia. Mshale wake mdogo hufanya yote mawili, kuzaa na kubadilisha, bila tofauti yoyote. Humo ndimo nilimoumia.

Nilikuwa na programu ya mistari kama mia nne. Mstari wa 40 nilitangaza watoto: watoto wote wa chini ya miaka mitano waliomo kwenye orodha. Mstari wa 212, siku nyingine, nikiwa na jambo jingine kichwani, niliandika watoto tena: wale tu ambao kaya zao zilikutwa nyumbani katika duru moja ya ziara. Kuanzia hapo kila asilimia niliyoipiga iligawanywa kwa idadi ndogo kuliko iliyostahili. Jibu lilipanda kidogo. Halikupanda kiasi cha kushangaza mtu, lilipanda kiasi cha kufurahisha. Kwa kuwa lilikuwa jibu zuri, wiki mbili zilipita, na lilikuwa limeshaingia kwenye ripoti mbili kabla sijalitilia shaka.

Nilimpelekea Dada nikitegemea atafute kosa kwa njia ya kitaalamu. Alinipa penseli. Akaniambia niisome programu yangu kwa sauti, jina baada ya jina, na kila jina nikifika lilipopewa thamani niseme neno moja kati ya mawili: "kazaliwa" au "kabadilishwa". Tulianza saa tatu asubuhi. Kazaliwa, kazaliwa, kabadilishwa, kazaliwa. Inachosha mno. Mstari wa 212 nikasema "watoto, kazaliwa", na mdomo ukabaki wazi, maana masikio yangu yalikumbuka kwamba nusu saa iliyopita nilishamzaa huyo. Macho yalikuwa yamepita hapo mara thelathini bila kuona kitu. Dada hakusema neno. Alisogeza kidole hadi mstari wa 213, tuendelee, kwa sababu kukuta kosa moja si sababu ya kuacha kusoma.

Tangu siku hiyo nasoma kwa sauti. Nimejua pia kwa nini Dada hategemei herufi kubwa na ndogo. Stata na R huona Mbingu na mbingu kuwa majina mawili, na kuna waandishi wanaojivunia kuzitumia hivyo. Dada hafanyi. Herufi kubwa, anasema, haisikiki.

Bonde hili la Kilombero lina sababu zake za kuwajali watu wa kazi ya Dada. Mwaka 1996 kituo cha utafiti cha Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, kilianza kuandikisha wakazi wote wa vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, na baada ya sensa ya kwanza kila kaya ikawa inatembelewa kila baada ya miezi minne. Kulikuwa na swali kubwa la kujibu. Mradi wa KINET ulikuwa unasambaza vyandarua vyenye dawa, vilivyouzwa kwa jina la Zuia Mbu, na ilitakiwa ijulikane kama vinaokoa watoto katika maisha ya kawaida ya kijiji, mbali na uangalizi wa karibu wa majaribio. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 kwenye jarida la Lancet, Joanna Armstrong Schellenberg akiwa mwandishi wa kwanza: vyandarua viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne.

Watu huitaja 27 hiyo, na wana haki. Mimi huwaza kilicho chini yake. Ili upate namba kama hiyo lazima uwe na hakika kwamba mtoto aliyeandikwa ziara hii ndiye yule wa miezi minne iliyopita. Wajina tele, tarehe za kuzaliwa zinazokumbukwa kwa msimu, mama aliyehama na mtoto mgongoni. Kaya nyingi za bondeni zina makazi mawili: nyumba kijijini, na kibanda shambani ambako familia huhamia kulima, kuwinga ndege na kuvuna. Mtu yule yule leo yuko kijijini, baada ya mvua kuanza yuko shambani. Binti aliyeandikishwa kwa jina la ubatizo, baada ya miaka saba watu wanamjua kwa jina la Mama Neema tu. Katika mifumo ya aina hii, dawa ni namba ya kudumu: inatolewa mara moja, mtu anapoandikishwa kwa mara ya kwanza, na haitangazwi upya akihama, akiolewa wala akirudi. Makazi yanaandikwa pembeni yake kama vipindi, kimoja kinafungwa, kingine kinafunguliwa. Namba mbili kwa mtoto mmoja, na unaweza kumhesabu mara mbili. Namba moja kwa watoto wawili, na aliyefariki anaonekana anatembea.

Jina la mahali ni gumu zaidi, kwa sababu huko hakuna wa kukupa maandishi mekundu. Kilombero ni mto, ni bonde, ni wilaya, na ni mchele. Mto wenyewe ramani nyingine huuita Ulanga. Hayo yote yanavumilika, kila moja linasikika katika eneo lake. Lakini chukua Ulanga ya kwenye safu ya wilaya. Malinyi ilikuwa ndani ya Ulanga, kisha ikakatwa ikawa wilaya yake. Rekodi ya mwaka 2000 ikisema Ulanga inabeba nchi inayofika Malinyi na kupita. Rekodi ya mwaka 2020 ikisema Ulanga inaishia kabla. Herufi sita zile zile, safu ile ile, na katikati jina limetangazwa upya serikalini, kihalali kabisa, huku faili halijui. Ukichora mstari wa idadi ya watu utaona wilaya imepukutika ghafla, na kama huna mtu wa karibu wa kumwuliza, utaandika aya nzima kueleza walikokwenda. Hawakwenda kokote. Dada ana safu mbili: wilaya_wakati_huo na wilaya_leo. Kwenye kaunta buku, ukurasa wa Ulanga, kuna maelezo ya mistari kumi na moja kwa mwandiko mdogo sana.

Alasiri ile barazani aliitumia yote kwa neno umri. Cha mstari wa 64 akakipa jina jipya, umri_ziara_miaka. Cha mstari wa 431 kikawa umri_kifo_miezi. Stata inaruhusu jina la hadi herufi 32, na yeye anazitumia bila kuona haya. Umri wa kwanza ulikuwa umetumika mahali ishirini na tatu. Kuna amri ya kutafuta na kubadilisha kote kwa mpigo mmoja. Hakuigusa, kwa kuwa herufi hizo nne zilikuwa pia ndani ya umri_mama na umri_baba, na hao hawakuwa na hatia. Alipita mahali pote ishirini na tatu kwa jicho, kila pahala akiweka alama ya penseli kitabuni. Kuku waliingia mpungani mara mbili, mtoto wa fimbo akiwa amelala. Mama alitoka, akawafukuza, akarudi ndani bila kumwamsha.

Jua lilipofika nyuma ya Udzungwa mpunga ukakusanywa, turubai likakunjwa, nami nikashika ncha moja. Dada alikuwa amefika kwenye amri ya mwisho, replace, ya kurekebisha rekodi ambazo waandikishaji waliandika miezi mahali pa miaka. Kabla ya kubonyeza aliandika kitu kwenye kaunta buku, akakizungushia duara. Niliinama nikaona: 214. Alikuwa amezihesabu fomu hizo kwa mkono siku mbili kabla.

Akabonyeza. Stata ikajibu kwamba mabadiliko yaliyofanyika ni 212.

Alitazama skrini, akatazama kitabu.

"Wawili wako wapi?" akauliza, na hakuwa ananiuliza mimi.

"Chakula kinapoa," mama akaita kutoka ndani.

"Nakuja mama," akajibu, na kidole kilikuwa kimeshapanda kurudi mstari wa 64.